Nani Kaweka Oda? Viumbe Bora Katika Hadithi Zetu na za Wenzetu

(Maneno haya niliyasema mbele ya waandishi chipukizi hapa Upanga, Dar es Salaam. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni.)

Ndugu zangu, itifaki imezingatiwa. Wakubwa shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Foleni ya leo mnaijua wenyewe, kwa hiyo asanteni kwa kufika, hata wewe unayeingia sasa hivi kwa kunyatia. Karibu, kiti kipo.

Nimeombwa nizungumzie viumbe bora katika fasihi, yaani wale watu wasiozaliwa bali wanaotengenezwa, kwa uchawi au kwa sayansi, ili wawe wazuri kuliko sisi, wenye nguvu kuliko sisi, watiifu kuliko sisi. Mwenyekiti aliponipigia simu alisema, "Mwalimu, tuzungumzie binadamu anavyojifanya Mungu." Mwaliko nimeupokea, mada nimeigeuza kidogo. Kufuru ni jambo zito na lina wenyewe wa kulizungumzia, msikitini na kanisani. Mimi ni mtu wa hadithi. Na hadithi hizi nikizisoma kwa utulivu naona kufuru inatajwa sana, ila kinachoharibu mambo ni kingine kabisa. Ni oda.

Ukienda Keko kwa maseremala, humwambii fundi akutengenezee "kitanda bora". Unatoa simu, unaonyesha picha, unasema sita kwa sita, mninga, droo mbili upande wa mlangoni. Ukimaliza kusema, fundi keshajua chumba chako kina ukubwa gani, na huenda keshajua kama umeoa. Kiumbe bora wa hadithini yuko vivyo hivyo. Soma sifa alizoagiziwa, utamjua aliyeagiza. Kwa hiyo leo kila hadithi nitakayoigusa nitaiuliza swali hilohilo: nani kaweka oda, na kaagiza nini?

Nianzie nyumbani. Wengi wenu mmepita Mwenge mkaona Wamakonde wakichonga. Mwaka 1906, vita vya Maji Maji havijapoa, mtafiti wa Kijerumani Karl Weule alizunguka kusini mwa nchi hii, na huko kwenye uwanda wa Makonde akaandika simulizi ya asili ya watu wale. Simulizi inasema hapo kale palikuwa na kiumbe mmoja, hajawa mtu kamili, akiishi porini peke yake. Haogi, hanyoi, anakula kidogo, anakunywa kidogo. Siku moja akachukua mti akachonga umbo la mtu, akalisimamisha juani karibu na makazi yake. Usiku ukapita. Jua lilipochomoza, kinyago kimekuwa mwanamke mzuri, akawa mkewe.

Ingeishia hapo tungesema ni yaleyale, mwanamume kajichongea mke. Lakini haiishii hapo. Wakateremka mto Ruvuma kuoga, na huko yule mama akazaa mtoto aliyekufa. Wakahama, wakakata uwanda hadi bonde la Mbwemkuru, akazaa wa pili, naye amekufa. Wakarudi juu, kwenye vichaka vya Mahuta. Wa tatu akaishi.

Tazameni kilichotokea. Aliyechongwa ana tumbo, ana misiba miwili, ana safari ndefu ya miguu. Na aliyechonga hakubaki alivyokuwa. Mtu asiyeoga anateremka mtoni, mtu wa peke yake anageuka baba anayehangaika kutafuta mahali ambapo mtoto hatakufa. Wazee walikuwa wanaeleza kwa nini wanaishi juu, mbali na mabonde yenye maji, lakini mimi kama mtu wa hadithi naona na jingine. Aliagiza mwenza, akapata mwenza, na mwenza akaja na uzito wake wote. Hakuna mahali simulizi inasema alikuwa hana kasoro. Hakuna aliyeomba asiwe na kasoro.

Sasa iwekeni kando ya ile ya Pygmalion, ambayo Ovid, mshairi wa Kirumi, aliiandika mwanzoni mwa karne ya kwanza. Huyu Pygmalion alikuwa mchongaji wa Kupro. Hakuwa na upweke wa porini. Mji ulijaa wanawake, yeye akawachukia wote kwa tabia zao. Akachonga mwanamke wa pembe za ndovu, mzuri kuliko yeyote aliyewahi kuzaliwa, akampenda. Akamletea zawadi: makombe ya baharini, vijiwe laini, ndege wadogo, maua. Akamvalisha nguo, akamvika pete, akamlaza kitandani. Siku ya sikukuu ya Venus akaomba kwa haya apewe mke anayefanana na yule wa pembe. Akarudi nyumbani, akambusu, akahisi joto. Pembe ikalainika kama nta juani.

Shairi ni tamu, silikatai. Lakini yule mwanamke hasemi neno hata moja. Jina hana, hilo Galatea mnalolisikia alipewa na watu wengine karne nyingi baadaye. Anafumbua macho, anaona haya, anazaa, basi. Oda ilikuwa mwanamke asiye na historia, na ndicho kilicholetwa.

Aliyeicheka oda hiyo vizuri kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Mjerumani E. T. A. Hoffmann, mwaka 1816. Katika hadithi yake moja kijana Nathanael ana mchumba, Clara, binti mwenye akili timamu. Nathanael anamsomea maandishi yake ya giza, Clara anamwambia ayatupe motoni. (Mnacheka, lakini humu ndani kuna watu wamewahi kuambiwa hivyo na hawajasamehe.) Akaondoka akampenda Olimpia, binti wa profesa. Olimpia anamsikiliza saa nzima. Hapigi mwayo, hafumi, hachezi na paka, anamkazia macho tu na kusema "Ah, ah." Nathanael anaona hapa sasa nimepata mtu anayenielewa! Kumbe Olimpia ni mdoli wa mashine. Na habari ilipovuja, anasema Hoffmann, wanaume wa mji ule wakaingiwa na hofu, wakaanza kuwadai wachumba wao waimbe nje ya mdundo kidogo, ili wahakikishe kwamba hawajaposa mdoli, na kwenye vikao vya chai watu wakawa wanapiga miayo ovyo ili wasishukiwe. Kipande hicho nikikisoma nacheka kila mara. Walioagiza ukamilifu wanaishia kushukuru wakiona mwayo.

Zipo nyingine nazipita mbio. Waganga wa Ulaya wa karne ya 16 walikuwa na kanuni, inayohusishwa na Paracelsus, ya kumtengeneza mtu mdogo kwa kuozesha mbegu za mwanamume kwenye samadi ya farasi siku 40, mama hatakiwi. Mnaona wenyewe nani kaweka oda hiyo. Wayahudi wa Prague wana simulizi ya golem, mtu wa udongo anayehusishwa na Rabi Loew, aliyekufa mwaka 1609. Golem ana udhuru, maana jumuiya yake ilikuwa inawindwa na ilihitaji mlinzi. Udhuru wa namna hiyo tutakutana nao tena, karibu zaidi na kwetu.

Twende kwa yule ambaye kila mtu anamjua na wachache wamemsoma. Frankenstein. Kwanza tuwekane sawa: Frankenstein si lile zimwi. Frankenstein ni mwanafunzi, Victor, aliyelitengeneza. Kiumbe mwenyewe hana jina kitabu kizima. Mary Shelley alianza kukiandika mwaka 1816, akiwa na miaka 18, kando ya ziwa la Geneva, kiangazi kile ambacho mvua na baridi vilikataa kuondoka kwa sababu mlima Tambora wa Indonesia ulikuwa umelipuka mwaka wa nyuma yake. Kikatoka Januari 1818, bila jina la mwandishi. Umeme ndio ulikuwa habari ya mjini enzi hizo. Galvani wa Italia alikwisha kuonyesha miguu ya chura aliyekufa ikirusharusha, na mwaka 1803 mpwa wake Aldini akaunganisha waya na maiti ya mtu aliyenyongwa London, mbele ya watazamaji. Taya likatetemeka, jicho moja likafumbuka.

Watu wanadhani Victor alikusudia kitu cha kutisha. Hapana. Alichagua viungo vizuri, na anasema mwenyewe: uwiano sawa, sura ya kupendeza, nywele nyeusi za kung'aa, meno meupe kama lulu. Urefu aliufanya kama futi nane kwa sababu sehemu ndogondogo zilikuwa zinamchelewesha. Na malipo aliyoyatarajia ameyataja kabla kazi haijaisha: kizazi kipya kingemtukuza kama chanzo chake, na hapangekuwa na baba anayestahili shukrani za watoto wake kama yeye. Mmeisikia hiyo? Mtoto hajazaliwa, baba keshaanza kuhesabu shukrani.

Usiku wa Novemba, mvua inagonga dirisha, mshumaa unakaribia kwisha, jicho la manjano linafumbuka. Victor anakimbia, anaingia chumbani, analala. Analala! Anaposhtuka anakuta kiumbe kafunua pazia la kitanda anamtazama. Taya linafunguka, zinatoka sauti zisizoeleweka, mashavu yanakunjamana kwa kitu kama tabasamu, mkono mmoja umenyooshwa. Sasa nyie mliolea, au mliobeba wadogo zenu mgongoni, niambieni hicho ni nini. Sauti zisizoeleweka, tabasamu, mkono. Huyo ni mtoto mchanga anataka kubebwa. Victor akateremka ngazi mbio, akakaa uani mpaka kunakucha, akihofia kila sauti.

Mauaji yote ya kitabu kile yanatoka kwenye dakika hiyo. Yule kiumbe baadaye anajifunza lugha kwa kuchungulia familia maskini kupitia ufa wa ukuta, anasoma vitabu, anawakusanyia kuni usiku bila wao kujua. Alikuwa anaweza kuwa mtu. Aliyekosa kuwa mtu ni mzazi. Ndiyo maana nasema waliofundishwa shuleni kwamba kitabu hiki ni onyo dhidi ya sayansi wamefundishwa nusu. Mary Shelley alijua kitu ambacho Paracelsus hakukijua. Mama yake alikufa mwaka 1797, siku chache baada ya kumzaa yeye. Yeye mwenyewe mwaka 1815 alizaa mtoto njiti, akafa baada ya siku chache, na Machi mwaka huo akaandika kwenye shajara yake kwamba ameota mtoto amefufuka, kumbe alikuwa amepoa tu, wakamsugua karibu na moto akawa hai. Yule mama wa Ruvuma, aliyezaa mara mbili bila kusikia kilio, angemwelewa bila mkalimani.

Nimekaa sana hapo, najua. Nahamia kwenye kazi, maana oda kubwa kuliko ya mke ni oda ya kibarua.

Mwaka 1921 huko Prague ilichezwa tamthilia ya Karel Čapek, R.U.R., ambayo ndiyo iliyoipa dunia neno roboti. Msifikirie mabati. Roboti wa Čapek wana nyama, wametengenezwa kwa rojo fulani kiwandani, ukikutana nao hutofautishi. Mzee Rossum alianza kazi hiyo ili athibitishe kwamba Mungu hahitajiki. Rossum kijana, mhandisi, hana habari na Mungu wala shetani. Anataka vibarua wa bei rahisi. Akamwangalia binadamu akaona ana vitu vingi visivyo na kazi: anafurahi, anapiga fidla, anapenda kutembea jioni. Akavitoa. Halafu tazameni jambo dogo ambalo watu wengi hulipita. Mara nyingine roboti anasimama ghafla katikati ya kazi, anaangusha alichoshika, anasaga meno. Mkurugenzi anasema ni hitilafu ya kiwandani, huyo apelekwe kwenye kinu. Mgeni wa kike, Helena, anasema hapana, hiyo ni roho. Na yule mtaalamu anayeshughulika kuwaongezea roboti hisia ya maumivu hafanyi hivyo kwa huruma. Asiyesikia maumivu ataingiza mkono kwenye mashine, na hiyo ni hasara.

Sisi tulikuwa naye mtu huyo zamani, bila kiwanda. Msukule. Mnayajua masimulizi yenyewe. Mtu anaugua ghafla, anakufa, anazikwa, halafu mtaani wanasema kilichozikwa ni mgomba, mwenyewe kachukuliwa. Usiku yuko shambani kwa tajiri fulani analima. Kakatwa ulimi. Analishwa pumba. Haombi mshahara, haugui, haulizi saa, na kukipambazuka anafichwa.

Wekeni shamba hilo kando ya kiwanda cha Rossum. Kule wametoa fidla, huku wametoa ulimi. Mwenye oda ni yuleyule. Na simulizi kama hii haiwezi kukosa nguvu katika nchi ambayo babu zetu walisombwa kutoka mikoani kwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, wakaitwa manamba. Watu walikuwa wanauliza swali la uchumi kwa lugha waliyokuwa nayo: huyu anatajirikaje, na sisi tunaamka alfajiri kama yeye? Nisieleweke vibaya. Imani za namna hii zimewaua vikongwe wasio na hatia kanda ya ziwa, kwa kosa la kuwa na macho mekundu ya moshi wa jikoni, na mwandishi akizichezea ajue anachezea nini. Lakini filamu zetu zimemtumia msukule kwa kutisha tu: unga usoni, macho kutumbua, muziki wa kelele. Hakuna anayemuuliza msukule anawaza nini akishika jembe. Hakuna anayekaa na tajiri mezani, mchana kweupe, akipiga hesabu ya pumba.

Nilisema udhuru wa golem tutakutana nao. Hapa ndipo. Ebrahim Hussein, mwaka 1969, akatupa tamthilia ya Kinjeketile. Wengi mmeisoma kwa ajili ya mtihani, mkaisahau kwa ajili ya amani ya moyo. Irudieni. Wamatumbi wanalimishwa pamba, wanachapwa, wanakatwa kodi. Wanataka mwili usiopenywa na risasi, na Kinjeketile anatoka mtoni Rufiji na maji yanayowapa mwili huo. Huyo naye ni kiumbe bora aliyeumbwa kwa uganga, ila safari hii si mke wala kibarua. Ni mpiganaji asiyekufa, na walioweka oda ni wanyonge wenyewe. Mimi siwezi kuwacheka. Nani angekuwa pale asitie sahihi?

Na jambo ambalo Hussein alilitambua, pengine kwa undani kuliko Mary Shelley, ni kwamba hata oda ya haki inamtoroka fundi. Kinjeketile anafikia kuyashuku maji, anaanza kusema tusubiri, na watu hawamsikii tena. Anasema binadamu huzaa neno, neno likakua, likawa kubwa kuliko aliyelizaa, likamuua. Mwishoni, yuko mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa akiri kwamba maji ni uongo. Anakataa, kwa sababu akikiri watoto watakaokuja wataambiwa babu zao walipigania upuuzi. Huyo si Victor aliyekimbilia uani. Huyo kabaki na alichokiumba, kinamuua, na hajakitupa.

Tumebakiwa na oda ya mtoto, ambayo ndiyo ya karibu zaidi, kwa sababu wengi wetu humu tutaiweka.

Shaaban Robert ana kitabu kiitwacho Kufikirika, kilichochapwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kifo chake. Mfalme hana mtoto. Nchi nzima inasimama kwa ajili ya tumbo moja: waganga wa mizizi, waganga wa makafara, wa hirizi, wa mazinguo, kila mmoja na utaalamu wake na gharama yake. Sehemu ile inachekesha, soma polepole. Mtoto anapatikana kama ilivyotabiriwa, halafu anaugua kama ilivyotabiriwa, na dawa ni kafara ya watu wawili, mjinga mmoja na mwerevu mmoja. Basi dola inaanza kutafuta mjinga na mwerevu. Sitawasimulia mwisho. Ila mnaona Shaaban alichokifanya: mrithi mmoja bora kakwisha kuagizwa, sasa bili inapelekwa kwa watu wawili ambao hawakuwepo oda ilipowekwa.

Kilimanjaro nako wana ngano. Zipo namna nyingi za kuisimulia. Niliyoisikia mimi inasema mama mjane, hana mtoto, akaomba msaada kwa roho wa mlimani, akapewa mbegu za vibuyu. Vibuyu vikakomaa, akavianika darini, kimoja akakiweka karibu na jiko. Akienda shambani vinageuka watoto: wanafagia, wanachota maji, wanapasua kuni. Akawafumania, wakabaki watoto. Sasa kile cha jikoni kilikuwa na mtoto mzito kidogo wa akili, anakaa tu kando ya moto. Siku moja mama kabeba chungu, akajikwaa kwake, chakula chote chini. Akafoka: "Nakuitaje mtoto, wewe si kibuyu tu!" Na kweli, akawa kibuyu. Alipowatazama wengine, vibuyu.

Mama yule hakuwa mbaya. Alikuwa amechoka na ana njaa. Lakini mkataba wake ulikuwa umeandikwa kwa kazi za nyumbani, na siku ile aliusoma kwa sauti.

Leo kuweka oda kumerahisishwa. Kwenye simu kuna programu zinazokupa mpenzi wa maneno, unachagua jina, sura na upole wake, naye hachoki kukusikiliza, ni Olimpia, ila sasa anasema zaidi ya "Ah, ah." Na Novemba 2018 mwanasayansi wa China, He Jiankui, alitangaza kuzaliwa kwa mapacha wa kike ambao vinasaba vyao alivihariri wakiwa bado viinitete, ili wasipate VVU, baba yao alikuwa anaishi na virusi hivyo. Desemba 2019 mahakama ya China ikamhukumu kifungo cha miaka mitatu. Magazeti yaliandika habari zake nyingi, na za sheria. Mimi kama msomaji wa hadithi nawafikiria wale mabinti. Watakua, watakwenda shule, watagombana na mama yao kuhusu nguo ya kuvaa. Hawakuomba kuwa alama ya kitu chochote.

Hapo ndipo nawataka nyie. Mnaponiletea miswada yenu nakuta maabara zinazong'aa, nakuta mwanasayansi mwenye mvi anacheka peke yake usiku, nakuta roboti linaasi ukurasa wa tatu. Vyote hivyo nimeshavisoma. Nipeni yule aliyetoa hela. Nipeni kikao cha ukoo Tabata ambapo shangazi mmoja anachangia milioni na kwa hiyo anataka mtoto awe mrefu. Nipeni bosi wa bohari Kariakoo anayeuliza kama hawa vibarua wapya wanakula. Kisha nipeni kiumbe mwenyewe akiwa na jambo moja ambalo halikuwemo kwenye oda: anapenda kuimba kwa sauti mbaya, au anaogopa kuku, au anauliza kwa nini. Mkishamwandika hivyo, msimuue haraka ili hadithi iishe. Mwacheni aishi mpaka kesho yake, wakati umeme umekatika, mwenye mali yuko kazini, na wao wawili tu, yeye na mtoto wa nyumba, wanatazamana. Mimi kurasa hizo sijaziona bado kwa Kiswahili, na nitazisoma zikija hata kwa mwandiko wa mkono.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilimwona dada mwenye kilemba cha njano kanyoosha mkono tangu habari za Pygmalion, na uso wake hauonyeshi kukubaliana na mimi. Mpeni kipaza sauti, tuanze naye.